Upande wa Pili Kwanza

Hoja iliyo mezani ni ndogo, na labda ndiyo sababu watu huigombania kwa sauti ya juu. Mtu akinunua santuri, hasa zile sahani ndogo za 45 zilizotawala baa na kumbi za Afrika Mashariki miaka ya 60 na 70, aifanyeje siku ya kwanza? Aikague kwa jicho au kwa sikio? Aioshe? Ainakili kabla haijaharibika zaidi? Au aiweke mashineni ilivyo, apandishe sauti, awaite majirani?

Wasemaji ni wanne, wote wa kubuni, ingawa ukishinda mchana mmoja kwenye vibanda vya santuri kuukuu Nairobi utawasikia wote. MUUZAJI ana kibanda na mashine moja. MKONGWE alikuwa mpiga santuri wa baa moja Morogoro, siku hizi anaishi Nairobi kwa mwanawe. FUNDI ni mwanamke wa Mombasa ambaye kazi yake ni kunakili sahani za zamani kwenye kompyuta. KIJANA ni mnunuzi. Mwisho wa mwezi ukifika haonekani kwingine. Mimi naendesha mjadala, na nawaambia mapema kwamba nina upande.

MUUZAJI: Nianze mimi, maana ndimi ninayewaona wanunuzi pesa zikiwa bado mfukoni. Mnunuzi wa siku hizi anaitoa sahani kwenye bahasha kwa vidole viwili, anaishika ukingoni, anaiinamisha chini ya balbu, anaizungusha polepole. Anatafuta mikwaruzo. Kisha anapiga picha zile namba zilizochongwa karibu na lebo, anaingia mtandao wa Discogs kuangalia inauzwaje Ujerumani, halafu ndiyo ananiuliza, "Hii ni ngapi?" Na mashine yangu iko hapo mbele yake, imewashwa, inazunguka bure.

KIJANA: Unanisema mimi.

MUUZAJI: Nakusema wewe, kaka, na wenzako wote.

KIJANA: Sioni kosa langu. Biashara hii sasa ni ya dunia nzima. Kuna madaraja ambayo jarida la Goldmine la Marekani liliyaeneza, kuanzia sahani ambayo haijawahi kuguswa hadi ile ya kutupa. Mtu wa Nairobi anamuuzia mtu wa Osaka, hawajaonana, na wanaelewana. Jicho ndilo linalowezesha hayo.

MKONGWE: Na wimbo wenyewe umo daraja gani?

KIJANA: Shikamoo, Mzee.

MKONGWE: Marahaba, mwanangu. Nijibu lakini.

KIJANA: Jicho linatangulia tu, Mzee. Sikio linafuata nyumbani.

MKONGWE: Nyumbani umeshalipa.

FUNDI: Naomba niseme hapo. Jicho linakosea kotekote. Mkwaruzo unaoonekana vibaya mara nyingi umepita juu tu, na sindano haitembei juu. Inatembea ndani ya mfereji, ikisugua kuta zake mbili. Sahani unazozipuuza kwa sababu zina alama, ukiziweka mashineni zinaimba bila shida. Halafu iko ile inayong'aa, nyeusi ti, haina hata doa. Ukiisikiliza, sauti ya mwimbaji ina mchanga. Hiyo ilichezwa kwa miaka na sindano iliyokufa, na mkono uliobebeshwa uzito. Kuta zimelika, na hakuna balbu itakayokuonyesha.

MKONGWE: Uzito tulibebesha. Sitaficha. Shilingi moja juu ya kichwa cha sindano, pengine mbili. Watu wakianza kucheza sakafu inatikisika, sindano inaruka, ukumbi mzima unageuka kukutazama wewe. Ungefanyaje?

FUNDI: Ningeweka mashine juu ya matofali, Mzee wangu.

MKONGWE: Tuliweka na matofali.

FUNDI: Sindano nzuri ya leo inataka kukandamizwa kwa gramu moja na nusu, mbili hivi. Ile sarafu peke yake inaongeza gramu kadhaa. Kila nikinunua sahani iliyotoka baa, naanza kwa kujiuliza ilibebeshwa shilingi ngapi.

KIJANA: Basi dada, tufundishe. Niko hapa dukani, mashine ni hiyo, nina dakika moja kabla Muuzaji hajanikasirikia. Nisikilize wapi?

FUNDI: Mwisho. Sahani inazunguka mara 45 kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, haibadiliki. Lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Kwa hiyo pale mwanzo mfereji unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 40 kila sekunde, na ukifika ndani karibu na lebo ni kama 25 tu. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, kona zinakuwa kali, na sindano isiyo sawa inazikata badala ya kuzifuata. Ugonjwa huonekana huko kwanza. Mwanzo wa sahani hata mgonjwa mahututi anaimba.

Hapo inabidi mwendesha mjadala aingilie. Wanaonunua LP za Ulaya, zile sahani kubwa, wanalijua jambo hili, na mtayarishaji makini wa huko huweka wimbo mpole mwishoni mwa upande. Sisi tulifanya kinyume, na hatukuwa na hiari. Bendi ilipiga wimbo wa dakika saba au nane; sahani ya 45 inabeba takriban nusu yake kila upande. Basi wimbo ukakatwa mara mbili. Upande wa kwanza waimbaji wanaeleza kisa: mke ameondoka, mshahara haukutosha, rafiki amesaliti. Upande wa pili maneno yanapungua, magita yanaachiwa njia, saksafoni inajibu, watu wanaingia kwenye chemko. Kwa hiyo pale wimbo unapowaka kuliko kwingine kote, dakika ya mwisho ya upande wa pili, ndipo mfereji unapotembea taratibu kuliko kwingine kote. Raha yote imewekwa mahali pa hatari.

Ndiyo maana mimi huanzia huko. Natua sindano upande wa pili, ilipobaki kama nusu sentimita kufika kwenye ule mduara mtupu unaozunguka lebo. Kama gita la solo bado lina ncha na besi haijageuka kishindo, nalipa, hata kama upande wa kwanza unakwaruza kidogo. Kama gita limegeuka sauti ya mchele unaopepetwa, nairudisha sandukuni mwake, hata iwe na lebo safi kiasi gani. Anayesikiliza sekunde chache za mwanzo wa upande wa kwanza amepewa na Muuzaji ile sehemu ambayo haimnyimi mtu usingizi.

MUUZAJI: Sasa huyu anawafundisha watu kuniharibia biashara.

MKONGWE: Anasema kweli, ila hajamaliza. Upande wa pili umelika zaidi si kwa hesabu za duara peke yake. Umelika kwa sababu ndio ulioombwa. Saa nne usiku nani anataka kusikia kisa? Mtu anakuja na chupa mkononi, ananiambia, "Mzee, geuza!" Kuna nyimbo upande wake wa kwanza pale baa ulipigwa mwezi wa kwanza tu, watu wajue maneno. Baada ya hapo ni upande wa pili, na upande wa pili, na upande wa pili.

MUUZAJI: Hapo nakataa, Mzee. Mimi sahani zinapita mikononi kila siku. Nyingi upande wa kwanza ndio umekuwa kijivu, wa pili bado una weusi wake.

MKONGWE: Hizo zilitoka majumbani. Nyumbani mtu anaweka upande wa kwanza, anakaa, chai inaletwa, mgeni anabisha hodi, sahani inaisha hakuna aliyeinuka kuigeuza.

FUNDI: Basi mmenipa kitu. Nikiona upande upi umechakaa, najua sahani ililala wapi.

MUUZAJI: Haya, kumbe tumekuwa polisi.

KIJANA: Na ikishalika, ndiyo basi?

FUNDI: Si lazima. Sindano iliyoila ilikuwa na upana wake, na ilipita kwenye kimo fulani cha ukuta. Ukitumia sindano nene kidogo au nyembamba kidogo, unapita juu au chini ya pale palipolika. Ninazo sindano za vipimo tofauti kwa ajili hiyo. Mara nyingine unabadilisha sindano, na mtu aliyekuwa anaimba ndani ya blanketi anatoka nje.

MKONGWE: Hilo sikulijua. Enzi zetu sindano ilikuwa moja, na ikichoka tuliagiza Dar, ikija imekuja.

KIJANA: Sasa tuje kwenye maji. Mimi sahani haigusi mashine yangu kabla haijaogeshwa. Maji yaliyotoneshwa, yale ya betri, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na lebo naikinga isilowe. Ikiwa chafu sana namwaga gundi nyeupe ya mbao juu yake, naiacha ikauke hadi kesho yake, halafu naibandua nzima nzima. Uchafu wote unatoka nayo.

MKONGWE: Gundi! Juu ya sahani ya Mbaraka Mwinshehe?

KIJANA: Hata yeye angefurahi, Mzee.

MKONGWE: Sisi tulipuliza. *Hah!* Halafu mkono wa shati.

FUNDI: Na mate yakabaki, na shati likakwaruza. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini kwenye maji niko na Kijana. Vumbi lililomo mferejini ni punje ngumu. Sindano ikipita inazisaga ukutani, na ukishazisaga hakuna maji yatakayorudisha ukuta. Kwetu Mombasa kuna jambo baya zaidi, ukungu. Sahani ikikaa miaka kwenye bahasha ya karatasi na ule unyevu wa baharini, inaota madoa meupe. Kuicheza bila kuiosha ni kuilima.

MKONGWE: Haya. Lakini hapa dukani nitaoshaje? Mmesema niisikilize kabla sijalipa.

MUUZAJI: Nami nikianza kuosha moja moja, kibanda nitakifunga Jumatano.

FUNDI: Hapa dukani isikilize hiyo nusu sentimita ya mwisho tu. Hasara yake ni ndogo. Nyumbani ndipo uioshe kabla ya kuicheza yote.

KIJANA: Kwa hiyo gundi ni sawa?

FUNDI: Kwa plastiki, sawa, ingawa mimi siipendi. Ila naomba hili lisikike vizuri: msifanye hivyo kwa zile nzito za zamani, za mizunguko 78. Zile si plastiki. Ni sheleki, utomvu wa wadudu wadogo wa India, umechanganywa na unga wa mawe. Spiriti inauyeyusha. Kuna mtu aliniletea sahani ya taarabu ya kale baada ya kuifuta kwa spiriti ya hospitali, akasema aliona weusi unatoka akadhani ni uchafu. Ule weusi ulikuwa sahani yenyewe. Sauti ya Siti binti Saad aliyoipeleka Bombay mwaka 1928 kuirekodi kwa kampuni ya HMV imo kwenye kitu cha namna hiyo. Ukipata moja, usiikaribie na chupa. Wala usiicheze kwa sindano ya LP. Mfereji wake ni mpana mara tatu au nne, sindano ndogo itazama chini na kusoma takataka tu.

MKONGWE: Zile tulizichezea sindano za chuma. Upande mmoja, sindano moja, unatupa. Zilikuja kwenye kikopo kidogo.

FUNDI: Na aliyeona ubahili akatumia moja wiki nzima, ndiye aliyeniletea kazi mimi.

Kuhusu ile imani ya kwamba sahani ikichezwa iachwe ipumzike siku nzima, eti kuta za mfereji zirudi mahali pake, Kijana anaiamini na Fundi anaicheka. Sitapoteza wino hapo. Mkongwe aliuliza swali moja tu: siku wimbo mpya wa bendi ya Super Mazembe ulipofika, nani angewaambia watu wa baa warudi kesho?

Lililonishughulisha zaidi ni la sahani mpya, kwa sababu zipo. Kampuni za Ulaya zinafyatua upya muziki wetu kwenye LP nene, zenye vijitabu vya maelezo, zimefungwa nailoni. Nchini Marekani, mwaka 2022 santuri zilizouzwa zilikuwa milioni 41 na CD milioni 33; hazikuwa zimeipita CD kwa idadi tangu miaka ya 80. Lakini mwaka uliofuata kampuni ya takwimu za muziki, Luminate, ikaripoti kwamba nusu tu ya wanunuzi wa santuri huko walikuwa na mashine ya kuzichezea.

MKONGWE: Ngoja. Nusu yao wananunua, halafu?

KIJANA: Wanaweka ukutani. Jalada ni zuri. Nami ninazo kadhaa sijafungua nailoni. Ukifungua, bei inashuka.

MKONGWE: Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuisikiliza haipo.

KIJANA: Wimbo naujua, Mzee. Uko kwenye simu.

MKONGWE: Mwanangu, mimi nilivyopokea sahani mpya kutoka Nairobi nitakwambia. Basi linafika mchana. Baa bado imefungwa, viti viko juu ya meza. Naiweka peke yangu. Mara ya kwanza siisikilizi kwa raha, nasikiliza upande wa kwanza unakatika wapi. Kwa sababu usiku, mashine ni moja, na wimbo ukikatika katikati watu wamesimama pale sakafuni, mwanamume ameshika kiuno cha mtu, hawajui waachiane au wasubiri. Lazima nijue: anamaliza ubeti, gita linapanda, linaanza kufifia, sasa. Mkono mmoja unainua sindano, mwingine unageuza. Nilifika mahali nikawa nageuza kabla hawajaachiana. Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza na kila sahani. Haikuwa ibada. Ilikuwa mazoezi ya kazi.

KIJANA: Hiyo ndiyo ibada, Mzee. Mimi yangu ni maji, yako ni kugeuza.

Kijana alisema vizuri hapo, na nilimpa alama ingawa mjadala huu hauna alama.

FUNDI: Nataka kugusa jambo linaloniuma. Mnabishana kana kwamba kila sahani ina wenzake elfu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodiwa Radio Tanzania kwa ajili ya kurushwa hewani. Ukitaka sahani, njia ilikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983.

MKONGWE: Na Mbaraka akafa Januari 1979, ajali ya gari, huko huko Kenya upande wa Mombasa. Sisi Morogoro ni kwake. Wiki ile hatukupiga mtu mwingine. Sahani zake tulizokuwa nazo zilichezwa mpaka zikawa kijivu, na mpaka umefungwa, za kubadilisha hazipatikani. Wewe binti ungezinakili kwanza, najua. Sisi tulikuwa na msiba.

FUNDI: Sikulaumu. Lakini leo, wimbo ambao kanda yake ya studio haijulikani iliko, sahani moja iliyobaki ndiyo kila kitu. Hata hao wa Ulaya wanaofyatua upya, mara nyingi wananakili kutoka kwenye sahani kama hizi, si kutoka kwenye kanda. Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: mara ya kwanza kuicheza yote, kinasa kiwe kinafanya kazi. Kama itapasuka mara ya pili, ipasuke.

MKONGWE: Kinasa ndicho kilichotuua. Kaseti zilipoingia, mtu mmoja ananunua sahani, mia wananakili. Wanamuziki hawakupata kitu. Kufika katikati ya miaka ya 80, sahani ndogo ilikuwa inakata roho.

FUNDI: Wale walinakili ili wauze. Mimi nanakili ili usipotee.

MKONGWE: Aliyeibiwa atawatofautishaje?

Swali hilo halikujibiwa, na sikudhani Fundi alikuwa na jibu. Haki za nyimbo hizi zimetawanyika: mtunzi amefariki, kampuni imefungwa au imeuzwa, wajukuu hawajui kama kuna cha kudai. Anayenakili kwa nia njema bado anashika mali ya mtu. Nitakalosema ni kwamba nakala iliyokaa kimya kwenye diski ya Fundi haijamnyima mjukuu kitu. Ile iliyopakiwa mtandaoni kwa jina la mpakiaji, imemnyima.

KIJANA: Mimi nakala inanitosha mara nyingi. *Helule Helule* niliisikia kwanza kwa Tremeloes, wale Waingereza, walioiimba mwaka 1968. Baadaye sana ndiyo nikamjua mwenye wimbo, Daudi Kabaka.

MKONGWE: Umeonja mchuzi wa jirani ukadhani ndiye aliyeupika.

KIJANA: Lakini ulinifikisha kwake, Mzee! Sasa naomba kuuliza. Hii hapa, nimeinunua leo. Lebo imechanika, jina la bendi linasomeka nusu. Gita hili la solo ni la nani?

MKONGWE: Iweke. ... Upande wa pili. ... Ngoja iingie. Aa! Huyu si mtu wa bendi hii. Huyu alikuwa wa bendi nyingine, alikodishwa siku moja studio kwa sababu mpigaji wao aliumwa. Lebo ingekuwa nzima isingekwambia. Na huyo anayecheka pale nyuma, umemsikia? Ndiye mpiga tumba.

FUNDI: Zima! Zima, tafadhali. Haya ndiyo yanayopaswa kunaswa. Lebo ina jina la bendi na mtunzi basi. Nani alipiga, nani alicheka, hayo yako kwa Mzee.

MKONGWE: Ninaswe nikiongea? Nitaharibu wimbo wako.

FUNDI: Ndiyo shida. Nataka wimbo bila maneno, na nataka maneno ya kwanza, kabla hujaanza kuyapanga.

KIJANA: Basi icheze mara mbili.

FUNDI: Mara ya pili Mzee atakuwa anasimulia. Mara ya kwanza alishtuka.

Nilidhani nimepata suluhisho, nikalitoa kwa majivuno. Sahani nyingi hizi ni za mono, sauti ni moja. Kinasa kina njia mbili, kushoto na kulia. Waya wa mashine uingie njia ya kushoto moja kwa moja, hauna haja ya maikrofoni, kwa hiyo Mzee anaweza hata kuimba. Maikrofoni yake iingie kulia. Mara moja tu, na vyote vimeingia, kila kimoja mahali pake.

FUNDI: Wazo zuri, lakini unaninyang'anya ukuta mmoja. Sahani ni ya mono, ndiyo, ila mfereji una kuta mbili, na hazikulika sawa. Nanasa zote mbili, kushoto ukuta huu, kulia ule, halafu nachagua ulio mzima. Njia zote mbili ni zangu.

MKONGWE: Basi tafuta kinasa chenye njia tatu.

FUNDI: Kipo, Mzee wangu. Nilichonacho nyumbani kina nne.

MKONGWE: Mbili zako, moja yangu. Ya nne?

FUNDI: Ya Muuzaji. Atueleze sahani hii ameitoa wapi, ilikuwa ya baa au ya nyumba, mji gani, nani alimuuzia. Nimemuuliza mara nyingi, hajawahi kunijibu.

MUUZAJI: Nikikwambia nilikoitoa, dada, kesho uko huko na huyu Kijana mnanunua bila mimi. Hiyo ya nne mpe Kijana, aseme alivyoiosha. Na anilipe kwanza, maana hajanilipa.